Transfoma ya Koili Moja: Umeme Unapitaje?

Tuseme kuna fundi cherehani mmoja kijijini ambaye ndugu yake anaishi Marekani. Ndugu huyo amekuja likizo, amemletea zawadi ya pasi ya umeme. Fundi amefurahi sana, maana pasi ya mkaa inachosha, na majivu yake yanachafua nguo za watu. Sasa anataka kuichomeka ukutani.

Asubiri kwanza! Umeme wa majumbani kule Marekani ni wa volti 120. Wa kwetu Tanzania ni wa volti 230. Akiichomeka hivi hivi, pasi itasukumwa kwa nguvu karibu mara mbili ya ile iliyotengenezewa. Itakuwa nyekundu kama kaa la moto, kisha itaungua.

Basi fundi anakwenda mjini kutafuta dawa. Muuza duka anamwonyesha visanduku viwili vya chuma. Vyote vinashusha umeme kutoka volti 230 mpaka karibu volti 115, nguvu ambayo pasi yake inaiweza. Vyote vimeandikwa wati zile zile. Lakini kimoja ni kikubwa na kizito, na bei yake iko juu. Kingine ni kidogo, chepesi zaidi, na bei yake ni nafuu. Fundi anajiuliza: kazi ni moja, mbona bei mbili? Huyu bwana ananiuzia kitu kibovu?

Hapana, si lazima kiwe kibovu. Kile kisanduku kidogo ni transfoma ya namna yake, mafundi wanaiita ototransfoma. Ina sababu ya kweli ya kuwa ndogo na rahisi. Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo inayoipa hatari ambayo ile kubwa haina. Tuitazame sababu hiyo polepole.

KWANZA TUSEME MAJI

Umeme hatuuoni, kwa hiyo tuuseme kwa mfano wa maji.

Maji yaliyo kwenye tangi juu ya kilima yana nguvu kuliko maji yaliyo kwenye tangi la juu ya meza. Urefu wa kilima ndio unaosukuma. Katika umeme, nguvu hiyo ya kusukuma inapimwa kwa volti. Tena, bomba nene linapitisha ndoo nyingi kwa dakika, bomba jembamba linapitisha chache. Wingi huo wa umeme unaopita unapimwa kwa ampea.

Kazi inayofanyika inategemea vyote viwili, kusukuma na wingi. Chukua volti, zidisha kwa ampea, unapata wati. Tuseme pasi ya fundi wetu inatumia wati 1150. Ikipewa volti 115, inavuta ampea 10, maana 115 mara 10 ni 1150.

Sasa transfoma haiumbi umeme. Inapokea wati, inatoa wati, na chache zinapotea njiani kwa joto. Ndiyo sababu ukiishika baada ya kazi ni ya vuguvugu. Tukiziacha hizo chache zinazopotea, kisanduku kinachotoa wati 1150 lazima kiingize wati 1150. Kwa volti 230 za ukutani, hizo ni ampea 5 tu. Zinaingia ampea 5, zinatoka ampea 10. Tulikumbuke jambo hili, maana tutarudi kuuliza: hizo ampea 5 nyingine zimetoka wapi?

TRANSFOMA YA KAWAIDA

Aliyegundua njia hii ni Mwingereza mmoja, Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi, na shule aliisoma kidogo sana. Alipofika umri wa miaka 14 aliwekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Basi vitabu alivyoletewa avijalidi, yeye akawa anavisoma. Elimu yake nyingi ilianzia hapo.

Mwaka 1831, mjini London, Faraday alichukua pete ya chuma. Upande mmoja akaizungushia waya mara nyingi, na upande wa pili akazungushia waya mwingine. Nyaya hizo mbili hazikugusana. Waya wa pili aliuunga na chombo chenye sindano, cha kuonyesha kama umeme unapita. Alipounga betri kwenye waya wa kwanza, sindano ikatikisika, kisha ikatulia. Alipoiondoa betri, sindano ikatikisika tena.

Maana yake nini? Waya wa kwanza uliipa pete nguvu ya sumaku. Sumaku hiyo ilipokuwa inazaliwa, na ilipokuwa inakufa, ilisukuma umeme katika waya wa pili. Lakini sumaku ilipotulia tu, haikusukuma kitu. Kwa hiyo sumaku lazima ibadilike wakati wote.

Umeme wa nyumbani unafaa kwa kazi hiyo, kwa sababu hautulii. Unakwenda mbele na kurudi nyuma mara 50 katika kila sekunde. Betri haifanyi hivyo. Wenye taa za jua, tafadhali mlisikie hili: msichomeke kisanduku cha namna hii moja kwa moja kwenye betri. Hakitashusha wala kupandisha. Waya wake utachemka na kuungua.

Waya uliozungushwa namna hiyo unaitwa koili. Transfoma ya kawaida ina koili mbili juu ya chuma kimoja, kama ile pete ya Faraday. Tuseme koili ya kwanza ina mizunguko 460, nayo inapokea volti 230. Kila mzunguko unapata nusu volti. Koili ya pili iko kwenye sumaku ile ile, kwa hiyo nayo inapata nusu volti kwa kila mzunguko. Ikiwa na mizunguko 230, itatoa volti 115. Hesabu ndiyo hiyo tu.

Angalia sasa: kati ya koili ya kwanza na ya pili hakuna waya. Ni kama kijiji na soko vilivyotengwa na mto usio na daraja. Kila gunia lazima livushwe kwa mtumbwi. Wati zote 1150 za pasi zinavushwa na sumaku, hakuna hata wati moja inayopita kwa waya. Basi chuma lazima kiwe kingi, na waya uwe mwingi. Hicho ndicho kile kisanduku kikubwa cha bei ya juu.

KOILI MOJA, KAZI MBILI

Sasa tukifungue kile kidogo. Ndani tunakuta chuma, na koili moja tu. Neno "oto" lililo mbele ya jina lake halina maana ya kujiendesha. Limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya "yenyewe". Koili ile ile yenyewe ndiyo ya kwanza, na yenyewe ndiyo ya pili.

Ifikirie kama ngazi ya kupandia darini. Koili ina mizunguko 460, ni kama vipago 460. Umeme wa ukutani, volti 230, unaungwa juu kabisa na chini kabisa. Kila kipago ni nusu volti. Katikati, kwenye kipago cha 230, fundi ametoboa na kuunga waya mmoja wa kutokea. Kutoka hapo mpaka chini kabisa ni volti 115. Pasi inaungwa hapo katikati, na waya wake wa pili unaungwa chini kabisa. Kwa hiyo ule waya wa chini ni wa wote wawili, wa ukuta na wa pasi.

Lile swali letu sasa. Ukutani zinaingia ampea 5. Pasi inapata ampea 10. Nyingine 5 zimetoka wapi?

Turudi kwenye maji. Tuseme tangi liko juu ya kilima, mita 20 kutoka mtoni. Nyumba iko katikati ya mteremko, mita 10. Kutoka tangini zinateremka ndoo 5 kila dakika mpaka nyumbani. Lakini nyumbani hawahitaji msukumo wa mita 20, unawatosha wa mita 10. Basi ile nguvu ya mita 10 za juu wangeiachia ipotee bure? Hapana. Njiani wameweka gurudumu. Maji yakiteremka kutoka mita 20 mpaka mita 10 yanalizungusha gurudumu, na gurudumu linaendesha pampu. Pampu inachota ndoo 5 mtoni na kuzipandisha mita 10 mpaka nyumbani.

Hesabu ndoo zilizofika. Tano zimetoka tangini zenyewe, zimepita njiani na kuingia mtungini. Tano nyingine zimepandishwa kutoka mtoni. Jumla kumi. Na zile tano za mtoni zimepandishwa kwa nguvu ya zile tano za tangini zilipokuwa zinateremka.

Ototransfoma inafanya vile vile kabisa. Ampea 5 zinaingia juu ya koili, zinapita katika nusu ya juu, zinatokea katikati na kwenda moja kwa moja kwenye pasi. Hizo zimepita kwa waya, kama ungeunga waya wa kawaida tu. Lakini zilipopita katika nusu ya juu, zimeteremka volti 115, na nguvu hiyo imeingia katika sumaku ya chuma. Sumaku nayo inafanya kazi ya lile gurudumu: inasukuma ampea 5 nyingine katika nusu ya chini ya koili, kutoka chini kupanda mpaka katikati. Pale katikati zinakutana na wenzake, zinakuwa 10, zinaingia kwenye pasi. Zikitoka kwenye pasi, kumi hizo zinagawana tena. Tano zinarudi ukutani. Tano zinarudi kupanda katika nusu ya chini.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata vijana walio katika shule za ufundi. Wanadhani umeme unashuka kote katika koili kama maji ya bomba. Sivyo. Nusu ya juu unashuka, nusu ya chini unapanda. Kweli umeme wetu unageuka nyuma na mbele, lakini nusu hizo zinageuka pamoja, kila moja daima kinyume cha mwenzake.

Sasa tupige hesabu ya wati. Zile ampea 5 zilizopita kwa waya zinaipa pasi volti 115 mara 5, yaani wati 575. Zile 5 zilizosukumwa na sumaku zinaipa wati 575 nyingine. Jumla 1150. Kwa hiyo sumaku imebeba nusu tu ya mzigo! Nusu nyingine imejipitia yenyewe darajani.

Na waya je? Katika transfoma ya kawaida kulikuwa na mizunguko 460 ya waya wa ampea 5, pamoja na mizunguko 230 ya waya mnene wa ampea 10. Katika hii kuna mizunguko 460 ya waya wa ampea 5, basi. Ile koili nene ya pili haipo kabisa. Shaba ni ghali, na chuma nacho kimepungua. Ndiyo sababu bei ni nafuu. Muuza duka hakumdanganya fundi wetu.

VOLTI ZIKIKARIBIANA, FAIDA INAZIDI

Kushusha kutoka 230 mpaka 115 kunaokoa nusu. Lakini kuna mahali ambapo faida ni kubwa zaidi.

Umemwona mwenye duka anayeweka stabilaiza kwenye friji lake? Jioni watu wote wakiwasha taa na majiko, umeme wa kijijini unalegea. Tuseme umeshuka mpaka volti 200, na friji linataka 220. Stabilaiza nyingi ndani yake ni ototransfoma yenye matokeo kadhaa. Ile sauti ya "tak!" unayoisikia ni swichi ndani inahama kutoka kipago kimoja kwenda kingine.

Safari hii inapandisha. Tuseme vifaa vya dukani kwa pamoja vinavuta ampea 10 kwa volti 220, yaani wati 2200. Umeme unaoingia una volti 200 tayari. Kinachopungua ni volti 20 tu. Basi wati 2000 zinapita kwa waya zilivyo, na sumaku inaongeza volti 20 mara ampea 10, yaani wati 200. Mzigo ni wati 2200, sumaku inabeba 200 tu! Ndiyo maana kisanduku cha ukubwa wa tofali kinaweza kuhudumia duka zima.

Hata mashirika ya umeme yanaipenda hesabu hii. Umeme wa bwawa la Kidatu, lililoanza kazi mwaka 1975, unasafirishwa kwenda Dar es Salaam kwa volti 220,000. Njia ya zamani itokayo Hale, mkoani Tanga, inatumia volti 132,000. Njia hizo mbili zinakutana Ubungo, na zikikutana lazima ziwe na transfoma katikati. Katika nchi nyingi, kuunga njia za namna hiyo kunafanywa kwa ototransfoma. Katika kila wati 100 zinazopita kutoka 220,000 kwenda 132,000, wati 60 zinapita kwa waya na 40 kwa sumaku. Kwa mashine yenye uzito wa malori kadhaa, kuokoa kiasi hicho si jambo dogo.

Utaniuliza: kama ni nzuri hivyo, mbona transfoma ya pale juu ya nguzo kijijini si ya koili moja? Swali zuri. Waya unaoleta umeme mpaka kijijini mara nyingi una volti 33,000, na nyingine zina 11,000. Transfoma inazishusha mpaka 400 na 230. Piga hesabu ile ile. Kutoka 33,000 mpaka 400, karibu wati 99 katika kila 100 zingehitaji kubebwa na sumaku vyovyote vile. Ungeokoa wati moja. Na kwa hiyo wati moja ungeziunga nyumba za watu na volti 33,000 kwa waya mmoja. Nani angekubali? Kwa hiyo pale nguzoni koili ni mbili, zimetengana.

DARAJA LINAPITISHA NA HATARI PIA

Sasa tumrudie fundi cherehani. Daraja linaloacha umeme upite bure ndilo linaloacha hatari ipite.

Tuseme waya wa nusu ya chini umekatika ndani ya kisanduku, kwa kuchemka au kwa kuangushwa. Gurudumu letu limekatiwa pampu. Lakini nusu ya juu bado imeungwa na ukuta, na bado inakwenda moja kwa moja kwenye kifaa. Hakuna tena kipago cha katikati kinachoshikilia volti 115. Kifaa kidogo, kama redio ya volti 115, kinaweza kupokea karibu volti 230 zote na kuungua palepale. Katika transfoma ya koili mbili, koili ikikatika, umeme unakatika tu.

Hatari ya pili naiona kubwa zaidi, kwa sababu inamgusa mtu, haigusi kifaa tu. Katika tundu la ukutani kuna waya wa moto na waya wa kurudishia umeme. Ule wa kurudishia umeungwa na ardhi kule kwenye transfoma, kwa hiyo hauna msukumo mkubwa dhidi ya mtu aliyesimama ardhini. Ototransfoma ikiungwa sawasawa, waya wa moto unakuwa juu, wa kurudishia unakuwa chini, na pasi inapata waya wa volti 115 na waya usio na moto. Lakini aliyefunga nyaya za nyumba akizikosea, au mtu akibadilisha plagi akazigeuza, waya wa moto unaungwa chini. Pasi itapata moto kama kawaida! Hakuna atakayejua. Kumbe ule waya wa chini, ulio wa wote wawili, sasa una volti 230 kamili, na ule wa katikati una 115. Nyaya zote mbili za pasi zina moto. Fundi aliyesimama peku juu ya sakafu yenye unyevu, akigusa palipochubuka, anapigwa na umeme wa ukutani wenyewe, ingawa kisanduku kimeandikwa 115.

Katika koili mbili, upande wa pasi haukuungwa na ukuta kwa waya wowote, kwa hiyo mtu akigusa waya mmoja tu hapati pigo kubwa la namna hiyo. Nasema mmoja tu. Akishika zote mbili, sumaku itamsukumia umeme kama inavyoisukumia pasi, na anaweza kufa.

Utajuaje umeuziwa ipi? Kwa macho ni vigumu, na maandishi ya pembeni mara nyingi hayasemi. Mpe fundi umeme mwenye mita. Kisanduku kiwe kimechomolewa ukutani. Apime kati ya mguu mmoja wa plagi ya kuingizia na tundu moja la kutokea, lakini auache mguu wa ardhi na tundu la ardhi. Mita ikionyesha njia imeunganika, hiyo ni ya koili moja. Akijaribu miguu yote na matundu yote, ukiacha ya ardhi, asikute njia, ni ya koili mbili.

Kwa pasi, mimi ningemwambia fundi cherehani achukue ile ndogo, asipoteze fedha zake, lakini kwanza fundi umeme apime tundu la ukutani na plagi kama nyaya zimekaa mahali pake, na waya wa ardhi uwepo kuanzia ukutani mpaka kwenye pasi. Asichukue kilichoandikwa wati 1000 kwa pasi ya wati 1150, achukue cha 1500 au zaidi. Na kama ndugu yake atamletea pia saa ya mezani ya umeme, ajue kwamba kisanduku hiki hakibadilishi mwendo wa umeme. Marekani unakwenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, kwetu mara 50. Saa inayohesabu mwendo huo itachelewa dakika 10 katika kila saa moja, hata uiwekee transfoma ya bei gani.